Mizani Kumi na Sita hadi Webuye

Watu wa Kitale wanaopenda kuandika wana ugonjwa wao, na chanzo chake kinajulikana. Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia Trans Nzoia, na mwaka wa 1996 akatoa Siku Njema, riwaya ambayo shujaa wake, Kongowea, anafunga safari kutoka Tanga kuja kumtafuta baba yake huku. Tangu hapo, yeyote anayenunua daftari mjini hujiona amefika nusu ya safari.

Mwandishi tunayemzungumzia hulima mahindi wakati wa mvua na kutunga mashairi wakati wa kiangazi. Alianza kwa adabu. Alisoma kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka wa 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, akashika kwamba mshororo wa tarbia hukatwa vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kila upande, na kwamba vina havimhurumii mtu.

Ila mizani huhesabiwa kwa vidole. Siku moja, ndani ya matatu ya kwenda Bungoma, alikuwa kiti cha nyuma, vidole vikipanda na kushuka, midomo ikicheza bila sauti. Makanga akaona vidole vinane hewani.

"Sawa mzee, unalipia wanane. Hao wengine wamekaa wapi?"

Kabla hajajieleza, kijana alikwisha kutoa kichwa mlangoni, anaita abiria: "Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye!"

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, na pumzi imekatwa panapostahili. Vina vimemponyoka, ni kweli, lakini huyo hakuwa na daftari wala kiangazi kizima cha kufikiria. Mwandishi alilipa nauli ya mtu mmoja, baada ya mabishano, akafunga daftari.

Akahamia mashairi huru. Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwisha kuubomoa ua wa vina na mizani mwaka wa 1974 kwa diwani yake Kichomi, wanajadi wakang'aka, na kivumbi chake hakijatua vizuri hadi leo. Kwa mtu aliyechoka kuhesabu vidole, huo ulikuwa ukombozi. Kasoro yake ni ya macho tu: shairi huru, likiachwa juu ya meza ya jikoni, hufanana sana na orodha ya vitu vya dukani. Mpwa wake alitumwa sukari na sabuni, akachukua karatasi isiyo yake. Alirudi na unga, mafuta, chumvi na ujumbe wa mwenye duka: "Mwambie mjomba machozi yameisha, lori linakuja Jumanne." Wapo wahakiki wanaolipwa ambao hawajawahi kusoma shairi kwa makini kiasi hicho.

Akarudi kwenye tarbia, na jaribio kubwa lilikuwa Bungoma, kwenye matanga ya mtu wa ukoo. Sasa, kwa Wabukusu maneno ya msiba yana wenyewe. Baada ya mazishi huja mzee wa kuswala kumuse, akitembea huku na huko mbele ya watu, akieleza ukoo ulikotoka, akionya, akichekesha, na waliokaa hawaruhusiwi kupiga soga. Manguliechi alijipatia jina kubwa kwa sanaa hiyo, bila karatasi. Mwandishi alikuja na karatasi. Kamati ikampa dakika chache kabla ya mazishi, kati ya mwanasiasa na tangazo la gari lililoziba njia.

Ubeti wa kwanza ulipita kimya. Wa pili, kina mama wakakidaka kibwagizo. Wa tatu, mpiga kinanda akatafuta ufunguo, akaupata, akaongeza ngoma. Kufikia wa tano hakuna aliyesikia utao wala ukwapi. Hema zima lilikuwa wima likiimba kibwagizo, na mwandishi, beti zikiwa zimemwishia, akawa anarudia za mwanzo kwa sababu kinanda kilikataa kunyamaza. Mfawidhi, mtu mwerevu, akapitisha kapu hapohapo. Pesa zilizoingia zilimpita hata yule mwanasiasa.

Jioni akafuatwa na mwenyekiti wa harambee fulani ya Chwele. Alimsifu sana, akamtaka Jumamosi inayofuata, aje na wimbo uleule. Akauliza bei. Mpiga kinanda, aliyekuwa akikunja nyaya pembeni, akaitaja.