Maombi ya Unyenyekevu Kuhusu Mahamri 970

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Udahili,
Chuo Kikuu ambacho kwa adabu silitaji jina lake,
Marekani.

Mheshimiwa,

Ukitaka kujua hali yetu huku Likoni, ni njema, ila kwa jambo dogo la dola 75 ambalo naona haya kulitaja mbele ya mtu wa cheo chako.

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya kutwa, darasa la wanafunzi 60. Mwaka juzi mmoja wao alitaka kuomba chuo chako. Mamake huuza mahamri asubuhi karibu na feri, shilingi 10 moja. Ada yako ya maombi, hizo dola 75, ilifika shilingi 9,700 hivi. Mama hana kadi ya benki, ana M-Pesa tu, basi nikalipa kwa kadi yangu, naye akanirudishia kidogo kidogo: mahamri 970, mengine nikiyala kabla ya kuyahesabu. Msamaha wa ada upo, nasi twaushukuru. Tulipoubofya tuliambiwa kwa upole mkubwa kwamba ni wa raia na wakaazi wa Marekani.

Nami nilipewa heshima ya fomu yangu mwenyewe. Iliniuliza iwapo mtoto huyu ni mmoja wa wachache walio bora kabisa niliopata kuwafundisha, na hufanya nini akipatwa na magumu. Mheshimiwa, huyu huamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri na saa moja yuko darasani. Nilitia alama pale juu kabisa. Fomu ya pili ilikuwa ya mshauri wa wanafunzi. Shuleni kwetu mshauri pia ni mimi, kwa hiyo nilibadilisha sauti kidogo, isionekane ni mtu yule yule. Alama za mtihani nazo zilinitoa jasho, kwa kuwa matokeo ya KCSE hutoka Januari na mlango wako hufungwa Januari mosi. Nilikisia A. Mungu hakuniaibisha.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni nyumba. Mwombaji wa msaada wa fedha hujaza fomu nyingine, ya kuthibitisha kwamba hana kitu, nayo inalipiwa: dola 25 kwa chuo cha kwanza, dola 16 kwa kila kinachofuata. Ilitaka kujua nyumba ya mama ilinunuliwa mwaka gani, kwa bei gani, na leo ina thamani gani. Sasa, Mheshimiwa, huku Mombasa mtu huweza kuwa na nyumba asiwe na ardhi. Kuta ni zake, mabati ni yake, kiwanja kina mwenyewe, na mwenyewe hutuma mtu kila mwezi kuchukua kodi ya ardhi. Kisanduku cha jambo hilo hatukukiona. Tuliandika sifuri, tukaogopa kuonekana waongo. Tukaandika thamani ya mabati, tukaogopa kuonekana matajiri.

Na lau angalikubaliwa, nyumba hiyo hiyo ingalimfuata Gigiri, kwenye ubalozi wenu. Sheria yenu ya uhamiaji, kifungu cha 214(b), humhesabu mwombaji wa viza ya masomo kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo, kwa kuonyesha kitakachomrudisha kwao. Kwako ilimpasa awe fukara, na Gigiri ingalimpasa awe na mali ya kurudia. Mabati ni yale yale. Wangari Maathai, binti wa kijiji cha Ihithe, Nyeri, alikwenda kusoma Kansas mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya ndege ya kwanza ya Tom Mboya kuondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Alirudi, akapanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli. Kilichomrudisha sidhani kiliandikwa kwenye hati ya kiwanja.

Jibu lako lilikuja Machi. Ulimfariji mtoto kwamba waombaji wa mwaka ule walikuwa hodari kuliko wote katika historia ya chuo. Mwaka uliofuata ulimfariji mwenzake kwa maneno hayo hayo. Hongera, historia yenu yakua haraka.

Baadaye ndipo nilipoona, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi, kwamba chuo chako hutazama mfuko wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumkubali. Si kosa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabika havitazami. Vilivyobaki vingi hutazama, na fedha ni zenu. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya ukurasa wa malipo, uandike namba mbili kwa herufi kubwa: mwaka jana wageni wangapi waliomba kusomeshwa bure, na wangapi walipata. Kama namba ya pili ni tatu, andika tatu. Sifuri nayo ni namba, na hapa kwetu ina thamani ya mahamri 970.

Mwaka huu nina wawili wanaotaka kuomba. Mama wa mmoja amekwisha kuanza kutia shilingi kwenye kopo la Kimbo. Nimemwambia asubiri jibu lako.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kemia, na mshauri,
Likoni.