Nani Athubutu Kulima Usiku?

Kuna maneno sitaki tena kuyasikia: "Palilia tu, baba, yataisha." Hayaishi. Nikipalilia tuta la mchicha nyuma ya nyumba, mvua moja tu, magugu yanarudi mengi kuliko niliyong'oa, na yamenawiri kuliko mchicha wenyewe.

Mpwa wangu anayesoma kilimo ndiye aliyezidi kunitia hasira, kwa kunieleza sababu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, akiba yake ya chakula haifiki mbali. Ikiota chini sana, itakufa njiani kabla ya kutokeza. Basi inalala udongoni ikingoja mwanga, hata miaka. Mimi nikigeuza udongo kwa jembe, inamulikwa kidogo, hata sekunde haitimii, kisha inafukiwa tena. Taarifa imeshaipata.

"Kwa hiyo mjomba, magugu unayaamsha mwenyewe," akasema. Na huyu ada yake nailipa mimi.

Akaendelea bila kuombwa. Mwaka 1952 huko Beltsville, Marekani, watafiti akina Borthwick na Hendricks walimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu, zikaota. Wakazimulika kwa ule mwekundu wa mbali ambao macho yetu yanauona kwa shida, zikagoma. Wakabadilisha tena na tena. Kila mara mbegu zilitii mwanga wa mwisho. Wajumbe wa vikao vya harusi ndivyo walivyo, hukubaliana na aliyesema mwisho. Kinachoupokea mwanga huo ndani ya mbegu huitwa fitokromu. Majani mabichi hufyonza mwekundu na kuupitisha wa mbali, kwa hiyo mbegu iliyo kivulini hujua kuna wenyeji juu yake, hutulia. Mimi nikifyeka, nawaondoa wenyeji.

Halafu kuna petunia za mke wangu, mbegu za kununua kwa pesa taslimu. Nazo zinataka mwanga, hazifukiwi. Ukiziacha juu, mvua inazisomba na kuku wa jirani wanazichakura. Magugu hayajawahi kuchakurwa na kuku yeyote.

Wala usidhani yatachoka kungoja. Mwaka 1879 Profesa Beal wa Michigan alizika chupa 20 za mbegu zilizochanganywa na mchanga. Wenzake waliokuja baadaye wanazifukua moja moja. Ya mwaka 2021 waliifukua usiku, kwa taa za kijani, ili zile zinazobaki ardhini zisiguswe na jua. Baadhi ya mbegu zikaota, baada ya miaka zaidi ya 140! Mimi nimeshindwa kungoja mchicha.

Dawa, kumbe, ipo. Mwaka 1990 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba shamba lililolimwa usiku lilitoa magugu machache mno kuliko lililolimwa mchana. Wengine waliojaribu baadaye walipata matokeo ya hivi na vile, lakini mpwa wangu kashikilia nijaribu: pasiwe na mbalamwezi, pasiwe na tochi.

Sasa fikiria mtaa wetu. Saa nane za usiku, mtu mzima yuko gizani nyuma ya nyumba anachimbachimba na kunong'ona. Sungusungu wakitokea niwajibu nini, fitokromu? Mke wangu amesema nikitoka na jembe saa hizo anatia komeo kwa ndani, na asubuhi wakija kumuuliza, yeye hanijui.