Barua Pepe Zilizokaa Daftarini

Jumapili, 12 Mei 2024
Mvua tangu alfajiri. Shangazi alifika mapema na khanga mpya ili aongee kwa video na mwanawe aliyeko Maskati. Sura ya binamu ilitokea, ikaganda akiwa amefumba macho, kisha ikapotea. Tukapiga tena na tena mpaka chai ikapoa. Baadaye habari ikatufikia: nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

"Mwanangu yuko Maskati," akasema shangazi. "Ya Msumbiji yanamhusu nini?"

Nikamchorea pwani yote nyuma ya kalenda: nyaya zinavyoshuka kusini na kupanda kaskazini, na moja ikikatika wote wanavyobanana kwenye zilizobaki. Akaitazama michoro, akakunja khanga. "Basi nisomee ile barua yake ya kwanza." Anataka barua pepe ya mwaka 2003.

Jumatatu, 13 Mei
Mchana mtandao haukufungua kitu. Nikaamka usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, na ukurasa ukafunguka saa saba. Jibu likaja kwamba anwani ya barua pepe iliyopokea barua ile haipo. Kampuni zinazotoa anwani za bure hufuta zile zisizoguswa kwa muda mrefu, na ile haijaguswa tangu kaka yangu ahame Tanga mjini.

Ilikuwa anwani ya kaka kwa jina tu. Ushongo nzima iliitumia. Hapa kijijini hapakuwa na intaneti, wala simu ya kuipata. Kaka alisoma Tanga, na kila alipokuja likizo watu walimletea ujumbe: mwenye mtoto Dubai, mwenye mume melini, mwenye mdai wake Mombasa. Kila mmoja alipewa sentensi chache, zikaandikwa kwanza kwenye karatasi na kusafishwa, kwa sababu kule kafe ya intaneti, mjini Tanga, tulilipa shilingi 500 kwa nusu saa, na saa ilikuwa inahesabu kwenye kona ya skrini.

Ukurasa mmoja uliweza kula dakika nyingi. Siku hizo nchi yetu haikuwa na waya wa intaneti baharini. Maneno yalirushwa hadi setilaiti, kilomita 36,000 kwenda juu, yakashuka Ulaya au Marekani, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Njia ilikuwa nyembamba na ya bei kubwa, nasi tuliigawana kwenye meza zote za kafe. Nilikuwa mdogo, nikisimama nyuma ya kiti cha kaka, na sijawahi kuona kitu kikubwa kama jina la shangazi yangu likijitokeza herufi kwa herufi kwenye kioo kile.

Jumanne, 14 Mei
Nilikwenda Tanga kutafuta kafe yenyewe. Bodaboda ilizama kwenye tope kabla ya Bweni, tukaisukuma. Mtoni pantoni ilikuwa ng'ambo, upande wa Pangani, ikakaa huko. Tulingoja kando ya akina mama wenye ndoo za samaki, tukitazama nguzo za daraja jipya. Muuza kashata alimaliza sinia lote kabla hatujavuka.

Mahali pa kafe sasa panauzwa vipuri vya pikipiki. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nahitaji mnyororo. Kompyuta ziliuzwa zamani, hajui kwa nani.

Nilirudi bila barua, lakini safari ilinikumbusha njia ambayo barua zile zilipita. Kuchapisha karatasi kulikuwa na bei yake, kwa hiyo kaka alisoma kwenye skrini nami nikanakili kwa kalamu daftarini. Kisha basi la Pangani, pantoni, na kutoka Bweni lori au baiskeli mpaka Ushongo, ambako nilizisoma kwa sauti barazani. Barua iliyotoka Maskati hadi Tanga kwa dakika ilihitaji siku nzima kumaliza safari ya kufika kwa mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei
Maji mafu. Mwamba hautoki vya kutosha, wanawake hawakwenda pweza, na wote walikuwa nyumbani. Niliuliza mlango kwa mlango kuhusu madaftari. Nyumba ya nne, Ushongo Mtoni, bibi mmoja alitoa debe la biskuti kutoka uvunguni. Madaftari yalikuwamo. Mchwa pia walikuwamo. Walikuwa wamekula mengi ya mwanzo, wakaacha chuma cha pini. Ya katikati yamebaki na kingo zilizoliwa. Karatasi ya shangazi ipo nusu: juu tarehe, chini hakuna.

Nilikuta pia kurasa zilizokunjwa na kupigwa pini. Hizo zilikuwa za siri. Mwandishi alianza kwa "hii ya mama peke yake", nami nikanakili, nikakunja, nikabana, na sikuisoma barazani. Bado zimebanwa. Sikuzifungua leo pia. Nimezirudisha kwa wenyewe.

Alhamisi, 16 Mei
Umeme ulikatika nilipofika kwa shangazi. Akawasha taa ya chemli, nikasoma kilichopo: amefika salama, amepata kazi ya ghala, joto ni kali, chumba wanalala wengi. Hapo karatasi ikaisha.

Shangazi akaendelea mwenyewe. Alitaja kiasi cha pesa kilichokuwa kikija, nani wa kumpa, deni la nani lilipwe kwanza. Kisha akataja salamu: za mwalimu wa chuo, za jirani aliyemtunzia mbuzi, za kila shemeji kwa jina. Nikamwambia kwamba kwenye barua za binamu salamu zilikuwa fupi, kwa kuwa naye alilipia dakika zake kule. Akasema, "Aliandika 'salamu kwa wote'. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwataja, ukiwatazama waliokaa hapa."

Amesema kweli. Barua ilikamilika barazani. Aliyetuma aliandika nusu, na msomaji akaijaza kwa watu waliokuwapo. Hata kama kampuni ingelitunza kila herufi, nusu ile isingelikuwemo kwenye mashine zake.

Ijumaa, 17 Mei
Leo ni Siku ya Mawasiliano Duniani, inayokumbusha mkataba wa kwanza wa kimataifa wa telegrafu, uliotiwa saini Paris tarehe 17 Mei 1865. Baada ya swala niliomba kusema maneno mawili kuhusu madaftari. Betri ya kipaza sauti ikazima nilipofika "ndugu zangu". Nikapaza sauti yangu tu, na wazee wa nyuma wakahamia mbele.

Niliwaeleza jambo ninaloliamini. Mwezi Julai 2009 waya wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam, bei zikashuka taratibu, simu zikajaa, na kila mama akapata kumsikia mwanawe bila mtu wa kati. Hiyo ni neema na sitaki irudi nyuma. Lakini mwezi Oktoba mwaka huo huo kurasa za intaneti za GeoCities, zilizotengenezwa na watu wa kawaida duniani kote, zilifungwa. Nyingi ziliokolewa kwa sababu wapo waliojitolea kuzinakili. Za kwetu hakuna atakayekuja kuzinakili. Ni sisi.

Jumamosi, 18 Mei
Watu walileta karatasi kwenye baraza yangu: madaftari, bahasha, kipande cha boksi la sabuni chenye anwani ya barua pepe, vocha zilizokwanguliwa zenye namba nyuma. Mvua ikashuka ghafla, paa likavuja juu ya mkeka wenyewe. Watoto wakazikimbiza ndani, tukazitandaza juu ya vitanda vyote. Usiku huu nitalala kwa jirani.

Alasiri mtandao ukatulia. Binamu akaonekana, macho wazi. Shangazi hakumuuliza hali kwanza. Alimwambia ataje salamu zake kwa majina, mtu mmoja mmoja, nami niandike. Akataja, akakwama kwa wawili waliofariki, mama yake akamsaidia.

Nimenunua kaunta buku za kwaya mbili. Kila barua itanakiliwa mara tatu: moja ikae kwa mwenyewe, moja shuleni, moja kwangu, na picha zake zitumwe Maskati. Pembeni tunaandika nani alikuwapo iliposomwa, kadiri wazee wanavyokumbuka. Hiyo ndiyo sehemu inayohitaji haraka, maana karatasi iliyobaki inaweza kungoja mwezi, lakini wasikilizaji wa mwaka 2003 ni wazee sasa. Jumatatu tunaanza na mkubwa kuliko wote.