Mwongozo wa Kuvaa Saa ya Milioni Mbili Nyangoto

Umeamua kununua saa janja. Hatukuzuii, mura. Hela ni yako, umeipata kwa zamu za usiku au shimo lenu la dhahabu, yaani duara, limetema, na hapa Nyangoto, kwenye machimbo ya Nyamongo, si adabu kumuuliza mtu duara lake lilitema lini. Tunachotaka ni uivae inavyopaswa, maana saa ya bei hiyo ikivaliwa ovyo inafanana kabisa na ile ya elfu ishirini inayouzwa mnadani kando ya viatu vya mtumba.

Tuanze na bei. Apple Watch Ultra ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 799 huko Marekani. Kwa shilingi zetu hiyo inakaribia milioni mbili, na hapo haijalipa nauli, ushuru wala faida ya kila mkono itakaopita mpaka Kariakoo, na kutoka Kariakoo mpaka Tarime. Ukifika dukani usiulize inafanya kazi gani; mwenye hela haulizi. Ukitaka kujipima, pitia kwanza mnadani uulizie bei ya mtamba, kisha rudi dukani mbio kabla akili haijakurudia. Baba usimpigie simu siku hiyo. Atauliza ina miguu mingapi.

Ukichagua rangi, chagua ya dhahabu. Hapa ndipo dhahabu inapotoka, mgodi wa North Mara unazalisha tangu 2002, kwa hiyo hakuna atakayeshangaa. Ila jua kwamba wakubwa walitutangulia. Mwaka 2015 kampuni ya Apple iliuza saa janja ya dhahabu ya karati 18, ya bei ya chini ikiwa dola 10,000. Miaka mitatu baadaye programu mpya zikaacha kuitambua, na mwaka 2023 ikaingizwa kwenye orodha ya bidhaa ambazo kampuni haizikarabati tena. Dhahabu yake haijachakaa hata kidogo. Kilichokufa ni kile walichokifungia ndani. Mnunuzi yeyote wa Nyamongo angejua la kufanya: angeng'oa kioo, angeiweka kwenye mizani na kutaja bei ya gramu. Na kama unayo ya namna hiyo, usiisogeze karibu na beseni la zebaki kule mialoni wanakooshea dhahabu. Zebaki haiulizi dhahabu imetoka kwenye mawe au Marekani, inaishika tu.

Sasa kuitega. Kosa la wengi ni kuiacha ikae saa za Afrika Mashariki, halafu kila ukiulizwa saa ngapi unakodoa macho kwenye 7:00 ukitoa sita kichwani, mbele za watu. Dawa ipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ile ya kujipanga yenyewe, chagua mji wa Buenos Aires, Argentina. Kule wako nyuma yetu kwa saa sita kamili mwaka mzima. Saa moja asubuhi ya Nyangoto itasoma 1:00, saa nne usiku itasoma 4:00, kama bibi yako anavyozihesabu. Uzuri zaidi, AM itakuwa mchana wote na PM usiku wote, na tarehe itabadilika alfajiri, wakati watu wenye akili zao wanapoamka. Hasara ni moja: saa itaamini unaanza kulala alasiri kila siku, na itakupa ushauri.

Hata hivyo usimbishie mzee anayesoma kivuli. Saa zetu zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia, wakati Nyangoto iko kwenye kama nyuzi 34 na nusu. Ndiyo maana jua hapa hufika utosini kama dakika arobaini baada ya saa sita, zikipungua au kuongezeka kidogo kwa majira. Mzee akikwambia saa sita bado na saa yako ya milioni mbili inasema imepita, kwa jua la hapa yeye ndiye sahihi.

Kisha zipo hatua. Saa itakudai hatua 10,000 kwa siku, tena kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Usiogope, hiyo namba haikutoka hospitali. Ilianzia kwenye tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Watafiti wa Harvard walipowafuatilia kina mama wazee wa Marekani, wakaandika mwaka 2019 kwamba faida ilikoma kuongezeka kwenye kama hatua 7,500.

Halafu saa yenyewe haioni miguu, inahisi mkono. Mama anayetoka mtoni na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, hatahesabiwa sawasawa. Kijana anayesukuma toroli la mawe kutoka duarani mpaka kwenye karasha, mikono imekaza vishikio, ataambiwa leo amezembea. Lakini aliyekaa chini akigonga mawe kwa nyundo tangu asubuhi anaweza kupongezwa kwa matembezi marefu. Kwa hiyo ukitaka sifa za haraka, kaa kivulini ugonge mawe. Au nenda kwenye sherehe inapopigwa litungu, urushe mabega na mikono; saa itadhani umefika Sirari kwa miguu.

Kwenye afya tupunguze mzaha. Ile taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi na kusoma damu inavyopita, na kwa kuhesabu mapigo ya moyo ukiwa umetulia inafanya vizuri. Hewa ya oksijeni kwenye damu ni jambo jingine. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba hata vile vipimo vya kidoleni vya hospitali vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kama cha hospitali kinakosea hivyo, cha kwenye mkanda ukisikilize kwa mbali. Na muuzaji akikwambia saa yake inapima sukari bila kukuchoma, mwache aende zake: Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari namna hiyo. Mwenye sukari akipanga dozi kwa namba za uongo anaweza kufa.

Kinachofaa kweli ni kugundua moyo unaodunda bila mpangilio. Utafiti mkubwa uliotolewa 2019 uliwafuatilia watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa zao wenyewe. Waliopata onyo walikuwa asilimia 0.52. Kwa huyo mmoja katika mia mbili inaweza kuwa hela iliyotumika vizuri, akienda kwa daktari. Kwa wengine ni kuambiwa kila siku kwamba wako hai.

Limebaki la chaji. Apple Watch ya kawaida kwa miaka mingi iliahidiwa saa 18, yaani ikitoka nyumbani nawe kwenda zamu ya mchana inarudi ikiwa hoi kuliko wewe, na umeme ukikatika usiku kesho umevaa bangili. Casio F-91W, ya tangu 1989, betri yake hukaa miaka saba. Haijui umelala vipi na haikuulizi.

Hukumu yetu basi: kama daktari anafuatilia moyo wako, nunua, na usimsikilize anayecheka. Kama sivyo, chukua Casio, uongeze mashine ya presha ya kufunga mkononi ambayo mama, baba na majirani watapimia, na chenji itakayobaki ongezea kwenye mtamba. Ukikataa yote hayo na bado unaitaka ya milioni mbili, tunakuomba jambo moja tu: usivae shati la mikono mirefu.