Juu ya Ukili wa Mgeni na Namna Unavyopinda

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo mtu hudhani anaziweza mpaka atakapozishika, kusuka na kusokota zinastahili nafasi ya kwanza, kwa kuwa kila aliyewahi kufunga kamba za viatu vyake hujihesabu kuwa amehitimu nusu ya mafunzo, na kila aliyewahi kumwona dada yake akisukwa nywele kibarazani hujihesabu kuwa amehitimu nusu iliyobaki. Insha hii inachunguza yanayompata mtu wa namna hiyo anapoketi mkekani huko Lipingo, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, akiwa na nia njema, simu yenye chaji na imani kwamba saa moja inatosha.

Imani hiyo ya saa moja haikuzaliwa Lipingo. Wajapani wana ufundi uitwao kumihimo, yaani kusuka nyuzi za hariri kuwa kamba, na katika miji kama Kyoto na Iga msafiri hulipia somo fupi, akaketishwa mbele ya marudai, ambacho ni kigoda cha mbao chenye uso wa duara na tundu katikati, akapewa nyuzi ambazo aghalabu huwa nane, kila moja ikiwa imeviringwa kwenye tama, yaani kipande cha mbao chenye uzito kinachoning'inia ukingoni, kisha akaelekezwa kuzihamisha mbili mbili, za juu zishuke na za chini zipande, mpaka kamba ianze kuteremka tunduni. Hapo kale kazi hii ilikuwa ya watu wasiotaniwa, kwa sababu kamba hizo zilishikanisha vibamba vya deraya za samurai na kufungia ala za panga zao. Serikali ya Meiji ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876, mafundi waliobaki na hariri bila wapiganaji wakahamia kwenye obijime, ukanda mwembamba unaofungwa juu ya mshipi wa kimono. Kutoka ubavuni mwa samurai hadi kiunoni mwa bibi arusi, na sasa hadi kwenye kifundo cha mkono wa mtalii: kwa uzi, hiyo si pensheni mbaya.

Siri ya marudai ni uzito. Tama zinazoning'inia pembeni huvuta kwenda chini, uzito mwingine unaofungwa kwenye kamba yenyewe huvuta katikati, na mizani ya mivuto hiyo miwili ndiyo inayoamua kamba iwe ngumu au laini, bila kumuuliza mgeni maoni yake. Mgeni akilegea, uzito hukaza kwa niaba yake. Ndiyo maana somo la Kyoto huisha kwa bangili inayovalika, na ndiyo maana pia msafiri hutoka pale akiwa na heshima kubwa mno kwa vidole vyake.

Lipingo hakuna msaada wa aina hiyo. Mahali ambapo Iga wameweka kigoda, Lipingo wameweka dole gumba la mguu, ambalo hushika mwanzo wa ukili au ncha ya kamba huku mgongo, mikono na subira vikifanya kazi ya uzito. Malighafi yenyewe ni ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, mti wa jamii ya mtende unaoota kandokando ya mito na vinamasi. Majani hayo hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani, kisha huchanwa kwa ukucha au sindano kuwa chane, ambazo ni vipande vyembamba vya upana mmoja, na chane hizo husukwa mshazari, zikipishana juu na chini, hadi upatikane ukili: mkanda mrefu ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Maelezo hayo yamechukua sentensi moja ndefu, na hapo ndipo mtego wote ulipo, maana mgeni aliyeielewa sentensi huamini ameuelewa na ukindu.

Ikumbukwe kwamba mgeni anayezungumziwa hapa hana rangi maalumu. Anaweza kuwa Mzungu mwenye kofia pana, mwanafunzi aliyetoka Songea, au mtumishi wa umma wa Dar es Salaam aliyeteremka kwa barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, akapita njiani mashamba ya ngoro ya Wamatengo, ambayo nayo, kwa kweli, huanza kama kazi ya kusuka, kwani nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana ndipo zikafunikwa udongo na kuacha mashimo katikati. Tofauti kati ya wageni hawa iko katika namna ya kushindwa tu. Mzungu hushindwa kwa unyenyekevu, akiomba radhi kwa kila uchane. Mtu wa Dar es Salaam hushindwa huku akieleza kwamba kwao Rufiji marehemu bibi yake alikuwa akisuka mikeka mizuri kuliko hii.

Ajali ya kwanza haihusu vidole hata kidogo. Kusuka hufanywa mtu akiwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele na mgongo umesimama, mkao ambao mama wa makamo huumudu mchana kutwa, lakini ambao mtu wa kiti huumudu mpaka ganzi itakapompanda mguu mmoja, kisha wa pili. Taratibu za kijiji zinamtaka mdogo ainuke au ainame anapomwamkia mkubwa, na mgeni mwenye ganzi huyatimiza yote mawili kwa mpigo mmoja, kwa kuinuka nusu na kuinama moja kwa moja mpaka ardhini. Wenyeji humwambia pole, watoto hukimbilia nyuma ya nyumba kucheka huko, kwani kumcheka mgeni usoni ni utovu wa adabu, na somo huendelea.

Salamu zenyewe ndizo ajali ya pili, nayo ni kubwa kuliko ganzi. Mwalimu hukaa mahali penye kivuli na upepo wa Ziwa Nyasa, na mahali pa namna hiyo ndipo njia ya kwenda ufukweni hupita, hivyo kila anayekwenda kuchota maji, kupeleka kapu la usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, au kutazama kama mitumbwi imerudi hana budi kusimama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Hufuata habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za usiku wa jana ziwani, na katika muda wote huo mikono ya mwalimu haisimami wala macho yake hayarudi kwenye ukili, kwa sababu hesabu ya chane haiko machoni mwake. Mgeni, ambaye hesabu yake iko kichwani na mdomoni, hulazimika kuchagua kati ya kuitikia na kuhesabu. Akiitikia, uchane uliopaswa kupita chini hupita juu, na akihesabu, huonekana hakulelewa. Salamu moja kamili ya mwambao huu inatosha kuharibu ukili wa urefu wa shibiri.

Kisa cha kupinda kinahitaji maelezo ya kitaalamu kidogo. Ukili hunyooka pale tu kingo zake mbili zinapokazwa sawasawa, na mgeni, kwa kuwa anatumia mkono mmoja zaidi ya mwingine, hukaza upande mmoja na kulegeza wa pili, nao ukili humtii kwa kupinda kuelekea upande uliobanwa. Ukili wa namna hiyo ukishonwa haukubali kulala chini, bali huinuka katikati. Aliyekusudia mkeka hupata kawa, yaani kile kifuniko cha chakula chenye umbo la pia, na kwa haki yote kawa ni chombo chenye manufaa, ila si cha kulalia. Kosa jingine la kawaida ni la kuunga. Chane hazina urefu wa kutosha mkeka mzima, kwa hiyo mpya huongezwa kila ya zamani inapokaribia kwisha, na fundi huzitawanya nafasi za kuunga ili pasiwe na mahali dhaifu. Mgeni, ambaye alianza na chane zenye urefu mmoja kwa kupenda unadhifu, huzikuta zimekwisha zote kwa pamoja, akaziunga zote mahali pamoja, na ukili ukakatikia hapo hapo siku ya kushonwa.

Wapo wanaokimbilia kamba wakidhani ni nafuu. Kamba ya kienyeji katika nchi ya miombo hutengenezwa kwa nyuzi za ndani za gome la mti, ambazo hulainishwa na kusokotwa, na kanuni yake ni kwamba nyuzi za kila upande husokotwa kwanza kuelekea upande mmoja, kisha pande mbili zikapotwa pamoja kuelekea upande wa pili, ili kila mmoja unapotaka kujifungua uukaze mwenzake. Mgeni husokota vyote kuelekea upande mmoja, akafurahi kuona kamba imekaza, akaiachilia ili apige picha, nayo ikafunguka yote mbele ya kamera kama mdaiwa aliyesikia hodi. Kusokota huko hufanyika kwa kiganja juu ya ngozi tupu ya paja au ya muundi. Juu ya jinzi nyuzi hazibiringiki vizuri, na juu ya mguu wenye malaika wengi nyuzi hubiringika na malaika yenyewe, jambo ambalo mwanamume mzima hulipokea kwa ukelele usiolingana na umri wake.

Yapo mambo ya kusikitisha kidogo katika nchi hii kuwa na raia wasiojua kusokota. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilifika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani, na mwaka 1964 uzalishaji ukafika takriban tani 230,000. Nyuzi zilikwenda kusokotwa kwingine kwa mashine, kisha nailoni ikaingia sokoni, na leo mtumbwi wa Lipingo hufungwa kwa kamba ya dukani. Gome limebakiwa na mizigo ya kuni, matita ya nyasi na fito za mapaa. Huko Unguja, wanawake wa Paje na Jambiani bado hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba za usumba, na watalii hualikwa kujaribu. Inatosha kusema kwamba harufu ya makumbi yaliyofukuliwa huwapunguza wanafunzi kabla ya mtihani.

Lakini ufundi mkubwa kuliko yote yaliyotajwa hautangazwi popote, nao ni ule wa mwalimu kufumua bila mgeni kujua. Mgeni huitwa kula; kuna ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na hakuna mwenye akili anayeukataa usipa wa Ziwa Nyasa ukiwa wa moto. Akiwa anakula, mwalimu huchukua ule ukili uliopinda, huufumua mpaka pale alipoanzisha yeye mwenyewe, huusuka upya na kuuongeza kidogo, huku akiacha makusudi makosa mawili madogo ili kazi isionekane ngeni kwa mwenyewe. Mgeni akirudi hutazama, hushangaa kwamba mkono wake umekubali ghafla, na kutangaza kuwa kumbe ni suala la kuzoea tu. Mwalimu humjibu, "Umejitahidi, mwanangu," na mjukuu wake wa kike, ambaye kwa miaka minane aliyo nayo husuka ukili na nywele za wenzake bila kuangalia, huinamisha kichwa asionekane.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba Kyoto mambo ni tofauti sana, ila huko kazi ya kufumua imeachiwa uzito. Bangili na mikanda inayorudi mijini kwa majina ya wageni ni kazi ya walimu, na hukumu hiyo haibatilishwi na picha yoyote ya simu. Kwa hiyo anayekusudia kwenda Lipingo avue viatu, aache jinzi, amalize salamu zote ndipo ashike uchane, na siku ya kuondoka alipe ada ya ukili wote kwa urefu wake, pamoja na ule uliosukwa alipokuwa akila usipa.