Saa Tatu ya Mkokotoni

"Siku hizi kompyuta zinajisajili zenyewe," nilimwambia mkuu wangu nikipakia laptopu sita kwenye daladala ya Mkokotoni. "Mimi naziwasha tu, naziunga na intaneti, nakunywa chai. Adhuhuri nimesharudi."

Ofisini bi mkubwa wa chai akaniwekea kikombe. Laptopu zilikuwa zimelala stoo muda mrefu. Zile betri bapa za saa, mfano wa shilingi, zilikuwa zimekufa, na kila moja ikiamini tuko mwaka wake.

"Bi mkubwa, saa ngapi?"

"Saa tatu hii, mwanangu."

Nikaandika tarehe, nikaandika tatu, mara sita, nikabonyeza. Mstari ukatembea, ukafika katikati, ukafa. Likatokea kosa refu kama namba ya simu ya Muscat.

Nikautuhumu mtandao. Nikapanda meza na modemu mkononi, nikahamia barazani, kisha chini ya mwembe, mpaka nikajikuta karibu na diko, abiria wa Tumbatu wakiniuliza naiuza bei gani. Nikaongeza kifurushi. Kosa lile lile. Basi nikafuta kila kitu, nikaanza upya, na safari hii saa nikaiweka kwa uangalifu mkubwa: nne na nusu.

Wapi!

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Bi mkubwa akachungulia kioo, akachungulia na simu yangu. "Mwanangu, simu yako yasema kumi na mbili na nusu, mashine yasema sita na nusu. Tumfuate nani?"

Nikaona jasho linanitoka. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mimi nilihesabu kama alivyonifunza bibi yangu, tangu jua lichomoze. Seva ilikuwa ikitoa vyeti halali, vyenye saa ya kuanza kutumika, na laptopu zangu, zilizobaki nyuma kwa saa sita, zikavikataa kwa kuwa siku zao hazijafika. Usalama ulifanya kazi barabara. Mwizi alikuwa mimi.

Nikasogeza saa sita mbele. Zikajisajili zote, kimya kimya, kama watoto waliomwona mwalimu.

Mkuu akapiga simu: "Tatizo lilikuwa nini?"

"Mgongano wa majira," nikajibu kitaalamu.

Bi mkubwa akanisogezea kikombe changu cha asubuhi. "Hii," akasema, "imepoa kwa saa zote mbili."