Kabati la Mama

Mama alitaka kabati la vyombo la rangi ya asali. Mninga ungempa rangi hiyo bila kubembelezwa, lakini bei yake ilimshinda, naye anaishi Mafinga, ambako malori ya mbao za paini kutoka msitu wa Sao Hill hupita mchana kutwa. Akanunua paini, akamwita fundi, akamkabidhi kopo la rangi ya mbao, ile inayozama ndani na kuacha nyuzi za mti zionekane.

Jioni kabati likatoka jeusi. Mama akalizunguka, akapitisha kidole mlangoni, akasema, "Hili la msiba." Fundi akajitetea kwamba rangi ni ileile iliyochorwa kwenye kifuniko. Alisema kweli, lakini kifuniko hakijui ni mbao gani itakayopakwa. Nilisogeza taa nikaona kilichotokea. Paini ina pete laini na pete ngumu: laini hunywa rangi kwa pupa, ngumu huikataa. Mistari iliyokuwa ya kahawia kwenye mbao mbichi sasa ndiyo iliyobaki myepesi, na katikati yake, palipokuwa peupe, pameingia giza. Ncha za rafu, palipopita msumeno, zilikuwa zimekunywa zaidi ya kwingine kote.

Usiku ule nyumba nzima ikawa na maoni. Mjomba alishauri jiki. Jiki hupausha rangi za kuyeyuka, lakini hii ilikuwa ya unga laini uliojikita kwenye vinyweleo vya mbao, na unga huo hausikii jiki. Mama akakataza chupa isifunguliwe, nami nilimuunga mkono.

Kaka hakungoja ushauri wa mtu. Asubuhi Mama alipokwenda sokoni, alimimina rangi nyeupe ya mafuta kwenye kopo, akakoroga, akapaka uso wa droo. Ukawa na rangi ya tope, nyuzi zote zimezibwa. Mama aliporudi akaweka kikapu chini taratibu. "Mwanangu, nimenunua mbao ili niione."

"Samahani, Mama. Nilitaka kuipunguzia weusi."

Ndipo akaitwa seremala mzee wa jirani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kabati. Akamwondolea fundi lawama kwa sentensi moja: "Rangi haipunguzwi kwenye mbao, mama, hupunguzwa kwenye kopo." Ikishakauka, tambara lenye tapentaini huondoa kidogo tu, iliyobaki ni kazi ya msasa. Fundi akaanza na namba 80, akapanda 120, akamalizia 180, akifuata nyuzi, maana mkwaruzo wa kukatisha hushika rangi na kujichora mweusi. Msasa laini wa mwisho nao una faida yake: mbao iliyosuguliwa ikawa nyororo hunywa kidogo, hivyo hutoka nyepesi.

Kopo jipya likafunguliwa. Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini, ya maji kwa maji. Ukichanganya kinyume hugawanyika. Mzee akaokota masalio ya mbao zilezile za kabati, akapaka moja kwa rangi tupu, nyingine sehemu 1 ya rangi kwa 1 ya tapentaini, nyingine 1 kwa 2, nyingine 1 kwa 3, akaandika vipimo nyuma kwa penseli. Kila kipande kilipakwa na kufutwa baada ya muda uleule, kwa sababu dakika za kungoja nazo huongeza weusi. Vilipokauka akapaka vanishi nusu ya kila kipande. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi: vanishi hukoza rangi, na anayechagua kabla ya vanishi anachagua kitu ambacho hatakiona tena.

Mama alivitoa vipande nje, akavipanga juani, akavihamishia kivulini chini ya mparachichi, kisha ukutani jikoni ambako kabati litakaa. Akachukua cha 1 kwa 2. Mjomba akapendelea cha 1 kwa 3. Mama akamwambia akanunue kabati lake.

Rangi ikapakwa, ikafutwa upesi, na asali ikatokea, bado ina mawingumawingu ya paini hapa na pale. Pembe za ndani ambako msasa haukufika zimebaki nyeusi. Hapo zimepangwa sufuria. Droo nayo haikusamehewa. Kaka alipewa kipande cha kioo, akaketi barazani akiikwangua tope lake, Mama amesimama pembeni akimwonyesha palipobaki.